Mihayo Ametuma

Mwadui,
7 Januari 2024

Kwako Mama Sikujua,

Salamu nakupa, kwa sababu nimelelewa. Mimi ni Scolastika, mama yake Hosiana, mke wa Mihayo niliyetolewa ng'ombe mbele ya wazee. Barua hii anakuletea Hosiana mwenyewe. Nimeishonea ndani ya begi lake ili asiisome njiani.

Namba yako ya simu ninayo. Lakini mtandao hapa kwetu unashika juu ya kichuguu cha karibu na duka tu, na nikisikia sauti yako nitatukana, halafu kijiji kizima kitabaki na la kusimulia. Kalamu inanipa nafasi ya kupumua.

Julai iliyopita Mihayo alikuja akaniambia, "Mtoto ana akili. Akibaki huku atachunga mbuzi tu. Nampeleka Nyahanga akasome, mama yake mdogo yupo, hatapata shida." Nikakubali. Nilikuwa sijakuona wala sijakusikia, nikakubali tu, kwa sababu ya shule.

Sasa amekuja Krismasi. Namtazama. Sketi yake ya shule imetiwa vipande viwili pembeni, rangi nyingine kabisa. Namuuliza asubuhi anakunywa nini, ananiambia uji wa makoko. Makoko, Mama Sikujua! Ukoko wa ugali uliogandia sufuria! Nilimpikia matobolwa, nikamtilia maziwa, akala mpaka jasho likamtoka puani, halafu akauliza kama anaweza kumwekea mdogo wake Sikujua kidogo.

Sijalala vizuri tangu aseme hivyo. Mtoto wa nyumba yenye mshahara wa mgodi anawekaje akiba ya viazi vikavu? Jasho lote la Mihayo liko kwako. Huku kwangu hakuna linalofika, na sijawahi kulalamika, nikijua angalau mwanangu anakula huko. Kumbe mwanangu anakula makoko, na nyinyi mnakula nini?

Nimemrudisha kwa sababu mwaka huu ni darasa la saba. Si kwa sababu nakuamini.

Scolastika, Mama Hosiana


Nyahanga, Kahama,
21 Januari 2024

Mama Hosiana, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilisimama, mara ya pili ilibidi nikae.

Nianze na sketi. Hosiana amerefuka kwa ghafla na kiuno kiligoma kufunga. Nikafumua mishono ya pembeni, nikaingiza vipande viwili vya suruali ya kazi ya baba yake, bluu kwa bluu. Kwa mbali huoni tofauti. Wewe umeona kwa sababu ni mama yake na ulikuwa unatafuta.

Makoko ni kweli. Nikimaliza kupakua naloweka sufuria, ukoko ukibanduka nauanika juu ya bati, ukikauka natwanga na kuchanganya na unga wa uji. Uji huohuo nakunywa mimi, anakunywa Sikujua na miaka yake miwili. Hakuna sufuria ya Hosiana na sufuria yetu. Kwetu Kondoa bibi yangu alikuwa akisema sufuria haioshwi mpaka imalize kutoa. Ndivyo nilivyolelewa, na mimi pia nimelelewa, dada yangu.

Vipande vya sabuni vikibaki vidogo mkono usivyovishika, naviyeyusha pamoja vinakuwa sabuni moja. Maji ya kuoshea mchele yanakwenda kwenye kiroba cha mchicha pale mlangoni. Kama haya ni mateso, basi nimemtesa. Lakini shuleni haendi na njaa, na daftari zake nakagua mwenyewe.

Mihayo hajambo, anakusalimu. Kazi zinamchosha ndiyo maana haandiki.

Mimi, Mwanaima


Mwadui,
18 Februari 2024

Mama Sikujua,

Marahaba. Nilichelewa kujibu kwa sababu ya palizi.

Makoko yako nimeyajaribu. Niliyaacha yakaungua kidogo, uji ukawa mchungu. Mama mkwe wetu, Mayu Mageni, aliunywa hivyo hivyo akasema una moshi kama uji wa harusini. Alicheka. Alikuwa hajacheka siku nyingi.

Huyo ndiye ninayekuandikia habari zake. Miguu imemvimba mpaka magotini na pumzi inakuwa fupi akigeuka tu kitandani. Zahanati wamempa dawa, wakaniambia moyo wake umechoka. Kila jioni jua likifika mlangoni ananiuliza, "Mihayo amesema anakuja lini?" Mwambie aje. Hata siku moja. Simu yake siipati kabisa, nadhani amebadilisha laini, hamkunipa mpya, na hilo sitauliza sana. Mwambie tu mama yake anamwita.

Nakutumia nsansa kwa kondakta wa basi. Ni majani ya kunde, nimeyachemsha nikayaanika. Usiyapike moja kwa moja, yatakuwa kama mchanga mdomoni. Loweka kwanza, kamua, halafu tia karanga za kutwanga. Kiganja kimoja kinatosha watu watatu. Ukiyahifadhi kwenye chungu kikavu yanakaa mpaka mwaka mwingine.

Huku sisi hatuna shida. Mvua zimenyesha na chakula kipo.

Scolastika


Nyahanga,
3 Machi 2024

Dada Scolastika, shikamoo.

Nsansa tumekula. Hosiana alipika yeye, akanisimamia mimi niliyekuwa nimezoea kulisimamia jiko, akaniambia, "Mama mdogo, karanga haziingii kwanza!" Ahsante sana.

Habari za mama yake Mihayo amezipata, zimemuumiza. Ruhusa kazini imekuwa ngumu kipindi hiki. Ametuma blanketi hili. Limeshonwa kwa vipande vya masweta, ni zito lakini linapitisha hewa, halitamtoa jasho.

Kwa mgonjwa anayelala muda mrefu, jaza maganda makavu ya mahindi kwenye kiroba, kishone, kiweke chini ya nyonga. Kila wiki mwaga maganda, jaza mengine. Hapati vidonda. Nilimuuguza bibi yangu hivyo miaka miwili.

Mwambie mama mwanawe anamkumbuka.

Mwanaima


Mwadui,
2 Aprili 2024

Kwako Mwanaima,

Mayu Mageni alifariki Alhamisi. Unajua, maana shemeji yetu Bujiku alipanda kichuguu akakupigia. Ulimwambia nini? Ulimwambia, "Mihayo yuko njiani."

Tulisubiri kwa neno lako. Ijumaa tulisubiri. Jumamosi tulisubiri, kaburi limechimbwa, watu wamekaa juani, wazee wananitazama mimi. Basi likija Bujiku anakwenda barabarani, anarudi peke yake. Jumamosi jioni akashuka Hosiana na mfuko wake. Peke yake. Nikamuuliza baba yuko wapi, akalia tu.

Tulimzika Jumapili ya Pasaka, kwa haraka, kwa sababu haikuwezekana tena kusubiri. Umemzuia mtu asimzike mama yake. Sijui wewe ni mwanamke wa namna gani.

Hosiana anarudi na barua hii kwa sababu ya mitihani ya majaribio. Usinijibu.

Scolastika


Nyahanga,
7 Aprili 2024

Dada yangu Scolastika,

Najibu. Ukitaka ichome, lakini isome kwanza.

Sikumzuia Mihayo. Mihayo hayupo. Hajakanyaga hapa tangu Agosti mwaka jana.

Wiki sita baada ya kumleta Hosiana, kazi yake kwa mkandarasi ilikwisha. Akasema anakwenda Geita kwenye machimbo madogo, wiki mbili tu, ameitwa na wenzake kwenye duara, shimo linalotoa dhahabu. Mwezi wa kwanza simu ilipatikana. Mwezi wa pili ikawa inaita bila kupokelewa. Halafu ikanyamaza. Nimeuliza kwa kila mwanaapolo, mchimbaji mdogo, anayepita hapa kutoka Geita. Mmoja alisema amemwona Katoro, mwingine akasema amekwenda Chunya. Basi.

Ile suruali niliyokatia sketi ndiyo aliyoiacha msumarini.

Kwa nini nilisema yuko njiani? Ndivyo ninavyowaambia wote, dada. Mwenye nyumba, muuza duka, mwalimu mkuu, nawaambia yuko njiani, yuko kazini, anarudi Ijumaa. Bujiku alipopiga, neno lilitoka lenyewe kabla sijaelewa ni msiba. Nilipoelewa nilikuwa nimeshalisema, na salio lake likaisha, simu ikakatika. Nilikaa na simu mkononi siku mbili nikishindwa kupiga. Sina la kujitetea. Nikamtuma mtoto peke yake kwa sababu niliogopa kusimama mbele yenu bila yeye. Nauli nayo ilikuwa ya mtu mmoja.

Blanketi nilishona mimi. Jioni nafagia kwa fundi cherehani, ananiruhusu kuokota vipande. Nilisema ni la Mihayo ili mama afurahi.

Na Hosiana alikuwa anajua yote. Nilimwomba asikuambie, usije ukamwondoa shule bure. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, nimemfundisha mtoto wako kukudanganya.

Mwaka huu Ramadhani haikunipa taabu. Kufunga nilianza kabla ya mwezi kuandama.

Nimechoka, dada. Kaka zangu wa Kondoa wanasema nirudi. Niambie nimlete Hosiana siku gani.

Mwanaima


Mwadui,
21 Aprili 2024

Mwanaima,

Nilikaa na barua yako penye jiwe la kusagia mpaka kuku wakaanza kuingia ndani kulala. Sikulia. Nilicheka, na mtu angeniona angeniombea.

Sikiliza. Na mimi nilikuandikia kwamba huku chakula kipo. Ng'ombe wa kulimia niliuza Novemba. Nimelima kwa jembe la mkono, kipande ninachokiweza, na mvua nzuri ikanyeshea majani sehemu niliyoshindwa kulima. Tangu Mihayo amchukue Hosiana hajaleta hata kibiriti. Nikawa najiambia, bila shaka yote yanaishia Nyahanga. Nilikuwa nakuchukia asubuhi kabla ya kunawa uso.

Na kuna hili. Mayu Mageni alikuwa akiletewa chakula anauliza, "Dagaa hawa wametoka wapi?" Namjibu, "Mihayo ametuma." Sukari ya jirani, Mihayo ametuma. Dawa niliyouzia kuku, Mihayo ametuma. Blanketi lako lilipokuja sikulazimika kudanganya, nilisema tu kama ulivyoandika. Akalishika, akanusa, akasema, "Huyu mtoto hakunisahau." Alikufa amejifunika.

Basi tulikuwa wawili, mmoja Kahama mmoja huku, tunamshonea na kumpikia mtu asiyekuwepo ili aonekane mwema. Na mimi na wewe tukabaki wabaya.

Zile siku mbili za msiba sijakusamehe. Labda baadaye. Nakuambia ili ujue, nisije nikakuchekea na roho yangu iko kwingine.

Lakini usimlete Hosiana. Mtihani ni Septemba. Akihama sasa atapotea. Nakuomba ukae mpaka amalize, halafu Kondoa uende, hakuna atakayekulaumu. Mimi nitatuma kila ninachoweza. Na Hosiana akiuliza chakula kimetoka wapi, mwambie kimetoka kwa mama zake. Tusitumie tena jina la mtu asiyekuwepo.

Scolastika


Nyahanga,
9 Juni 2024

Dada, shikamoo.

Mahindi na kunde zimefika, kiroba hakikutoboka. Nimekaa kama ulivyosema.

Mkaa umenishinda bei, sasa nakwenda kwa wauzaji jioni wakifunga, naomba vumbi linalobaki chini. Nachanganya na udongo wa mfinyanzi na maji ya ugali, tunaviringa madonge na Hosiana, tunaanika siku tatu. Yanawaka taratibu, hayana moto wa kujionyesha. Maharage naloweka, nachemsha robo saa tu, halafu sufuria naitia kwenye kapu lenye matambara na kulifunika vizuri. Tukirudi mchana yameiva yenyewe. Hosiana anasema sufuria inakwenda shule kama yeye.

Kuna jambo la pili, na hili ni lako. Jumanne alirudi mapema amejifunga sweta kiunoni. Nikaelewa. Nilifikiri nikuandikie kwanza, lakini damu haisubiri basi. Nimekata taulo na kitenge laini, nikamshonea vitambaa sita vya kubadilisha, nikamwonyesha namna ya kufua na kuanika juani, si uvunguni. Nimemwambia ya usafi tu. Yale mengine, maneno ambayo mama anamwambia binti, nimekuachia wewe. Nilipomaliza aliniuliza kama na wewe ulilia siku yako ya kwanza. Nikamwambia swali hilo nitakuandikia.

Mwanaima


Mwadui,
14 Julai 2024

Mwanaima,

Wabeja, ndiyo ahsante yetu. Wabeja sana.

Nililia, mwambie. Nililia nikamficha mama siku tatu. Ndani ya mfuko wa michembe, vile viazi vya kukausha, kuna barua yake, umpe asome akiwa peke yake.

Pamba fifi nimeokota kwa watu waliokwisha kuvuna, ile ya madoa wasiyoichukua mnadani. Nimeichambua mbegu, mfuko mzima ni wako. Jaza godoro la Sikujua. Mgongo unaniuma siku hizi, kuinama nainama, kuinuka ndiyo kazi.

Kuhusu lile nililosema labda baadaye. Bado, lakini limepungua uzito.

Scolastika


Nyahanga,
14 Septemba 2024, saa kumi jioni

Dada Scolastika,

Naandika mbio, Hosiana anafunga mfuko. Barua hii atakupa yeye mkononi.

Mtihani amemaliza Alhamisi, ametoka anacheka. Jana mchana hodi, ni Mihayo. Amekonda, kikohozi kimemkaa kifuani, ana viatu vipya. Akaingia akakaa kama aliyetoka dukani.

Nilishindwa hata kukasirika. Hosiana akampakulia maharage na ugali. Akala, akauliza, "Mmepataje haya na mimi sipo?" Na mtoto, masikini, alikuwa anasubiri kuulizwa na baba yake! Akamweleza yote. Kapu la matambara, madonge ya mkaa, makoko, nsansa, kiroba cha mchicha. Akaleta mpaka sabuni akamwonyesha. Kila alichoeleza, nilikuwa naona bei yake inapanda machoni mwa baba yake.

Mihayo akasema, "Basi vizuri. Kambini tupo watu ishirini, mpishi tumemfukuza, unga ulikuwa unaisha kabla ya wiki. Hosiana kamaliza shule. Jumatatu naondoka naye akatupikie."

Nikasema, "Kamaliza darasa la saba tu. Majibu bado."

"Majibu yatamkuta huko."

"Kambini wanaume ishirini, mtoto wa miaka kumi na tatu?"

"Mimi si nipo?"

Dada, nilitaka kumwambia mengi. Nikamwambia moja tu: "Mimi si mama yake, siwezi kukupa wala kukunyima. Mwenye mtoto yuko Mwadui. Nenda kamwombe yeye, na ukifika umwulizie na mama yako." Akaniuliza mama yake ana nini. Hajui! Nilimwambia pale pale, sikutafuta maneno. Akageukia ukutani. Leo mchana kutwa hakulitaja tena lile la kambini, nikadhani ameliacha. Saa tisa na nusu akatoka, anasema anakwenda kuonana na mwenye gari la Jumatatu.

Kuna basi la Shinyanga saa kumi na nusu. Hosiana anapanda hilo. Akirudi baba yake nitamwambia ukweli, nimemtuma kwa mama yake. Uongo nimeuacha, umenichosha kuliko kazi.

Mpokee.

Mwanaima


Mwadui,
29 Septemba 2024

Mwanaima, mdogo wangu,

Mtoto alifika salama, na nyanya zako za kukausha zilifika zimelowa kidogo tu.

Mihayo alikuja Alhamisi. Alileta sukari na kitenge. Hata kabla hajakaa akasema, "Nimemfuata binti yangu." Nikamwambia twende kwanza kwa mama yako.

Tulikwenda wawili. Alisimama pale penye udongo ulioanza kuota majani, akauliza alizikwa lini. Nikamwambia, Jumapili, baada ya kukusubiri siku mbili. Akauliza alisema nini mwishoni. Nilikuwa nimeapa sitamwambia, nikamwambia. "Alikushukuru kwa blanketi."

"Sikutuma blanketi."

"Najua."

Akachuchumaa. Alilia kwa sauti, Mwanaima, mwanaume mzima, na mimi nimesimama pembeni nimeshika mgongo, sina machozi. Aliniambia alikuwa anaona aibu kurudi mikono mitupu, alitaka arudi na kitu, kila mwezi akisema mwezi ujao. Naamini. Lakini aibu yake ndiyo tuliyokuwa tunaila.

Nilidhani yameisha. Tuliporudi nyumbani akasema tena, Hosiana ajiandae. Mimi na Bujiku tukaanza kumjibu kwa pamoja, maneno yanapishana. Hosiana akatoka ndani. Akasema, "Baba, siendi. Nasubiri majibu. Nitakuandikia namna ya kupika, wasomee."

Akakaa chini akang'oa karatasi ya daftari. Ameandika pande mbili, vizuri, kwa kituo. Watu ishirini unga kiasi gani, maharage yalowekwe saa ngapi, kapu lifunikwe vipi, na ukoko usitupwe. Mihayo aliipokea. Aliisoma yote, polepole, midomo inacheza. Aliikunja akaitia mfukoni mwa shati, akala, akalala kwa Bujiku, asubuhi akaondoka kwenda Geita. Simchukii. Sina nguvu ya kumchukia na ya kulima.

Zile siku mbili sizidai tena. Ulimpandisha mtoto basi ukabaki wewe kumkabili. Hilo nimeliona.

Ukienda Kondoa niandikie.

Scolastika


Mwadui,
19 Desemba 2024

Mwanaima,

Shemeji Bujiku amekwenda kuangalia majina. Hosiana amefaulu. Amepangiwa sekondari ya kata huko huko Kahama kwa kuwa ndiko alikofanyia mtihani, na kuhamisha, wanasema, ni safari nyingi za ofisini.

Nimekaa na karatasi hii siku nne. Najua ulikubali mpaka Septemba tu, na sasa ni Desemba, na sijui hata kama barua itakukuta. Sina haki ya kukuomba tena. Naomba.

Scolastika


Nyahanga,
28 Desemba 2024

Dada Scolastika, shikamoo.

Barua imenikuta. Kondoa sikwenda. Kaka aliandika kwamba chumba kipo lakini kazi hakuna, na huku fundi amenipa cherehani moja, ile inayokata uzi, nashona asubuhi na jioni nafagia kama kawaida. Siwezi kusema maisha yamekuwa mazuri. Yamekuwa yanajulikana.

Mihayo alipita mara moja kuchukua nguo zilizobaki. Nilimpa maji, akanywa, akaenda. Sikumwambia arudi wala asirudi. Kikohozi bado.

Hosiana aje. Sketi ya sekondari nimeshaanza kuikata, nimeacha upindo mrefu chini na pembeni, imfikishe kidato cha tatu. Mdogo wake Sikujua anamwita kila anaposikia lango.

Ila safari hii usimtume peke yake. Mwaka mzima tunalea mtoto kwa barua, mkono wangu umechoka kuandika na wewe naona herufi zako zinalala. Njoo naye. Mwache Bujiku aangalie mbuzi wiki moja, mvua hazitakimbia. Mkishuka stendi ulizieni Nyahanga kwa fundi wa sare, nyumba ya nyuma yake. Kitanda ni kimoja, tutajibana, godoro la pamba yako tutalitandika chini kwa watoto.

Usilete chochote. Na ukifika usishike fagio, usiingie jikoni, usiulize nikusaidie nini. Kazi zipo, nazijua, hazitaondoka. Tutakaa kwanza.

Mdogo wako,
Mwanaima